Sukari Itoke Sufuriani

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, chai ilipikwa kama mchuzi: kila kitu kiliingia sufuriani, ikatoka imekamilika. Maji yakichemka yalitupiwa majani, tangawizi iliyotwangwa na punje za iliki, yakaachwa yatokote mpaka rangi iwe nyekundu ya kukolea, ndipo sukari ikamiminwa humo humo kutoka kwenye mfuko wa dukani. Mpishi alikoroga, akadondoshea kiganjani, akaonja, akaongeza kidogo, akachuja kwenye chupa mbili. Moja ya wanaowahi kazini na shuleni, nyingine ya wageni na wachelewaji. Aliyekaa mkekani na kikombe chake hakuwa na la kuamua. Utamu wake ulikuwa umeshaamuliwa jikoni.

Naanza na haya kwa sababu ushauri tunaopewa siku zote kuhusu chai na kisukari ni kwamba mgonjwa apunguze vijiko. Vijiko gani? Kwetu kijiko cha sukari hakikuwa kikifika mkekani.

Marehemu mama aligundulika na kisukari cha aina ya pili akiwa amevuka miaka hamsini. Ilianza na kiu isiyokatika. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo, akirudi anatafuta maji, anakunywa, analala, anaamka tena. Magauni yakaanza kumpwaya, na majirani wakamsifu kwamba amepungua vizuri. Alipopimwa asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, kipimo kilisoma 14. Mtu akipata 7.0 au zaidi kwa kipimo hicho cha milimoli kwa lita, kikirudiwa kikawa vile vile, huhesabiwa kuwa na kisukari. Mama alikuwa amefikisha mara mbili yake.

Tukaanza kwenda kliniki. Vidonge alimeza bila kukosa, lakini sukari ilishuka kidogo ikagoma. Siku moja muuguzi, binti mtulivu ambaye hakuwahi kumkaripia mgonjwa, akaamua kumhoji kuhusu vyakula kimoja kimoja.

"Mama, kwenye chai unaweka vijiko vingapi vya sukari?"

"Siweki hata kimoja, mwanangu. Wallahi."

Muuguzi akaandika, kisha akaacha kuandika. Akanigeukia mimi. "Dada, nyumbani nani anapika chai?"

"Wifi yangu."

"Anapikaje?"

Nikamweleza kuanzia maji mpaka chupa. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Basi mama hajasema uongo. Mimi nimeuliza habari za kikombe, na sukari yenu iko sufuriani."

Usiku ule nilikaa na wifi tukapiga hesabu. Robo kilo ya sukari ilimaliza masufuria mawili, na kila sufuria ilitoa vikombe kumi hivi. Gramu 250 kwa vikombe ishirini ni gramu kumi na mbili na nusu kwa kikombe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu nne za sukari kwa makadirio, kwa hiyo kila kikombe kilikuwa na vijiko vitatu. Mama alikunywa viwili asubuhi, kimoja baada ya alasiri, kimoja usiku. Gramu hamsini kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 kiwango hicho ni gramu hizo hizo hamsini. Linasema pia kwamba kushuka mpaka nusu ya hapo, gramu 25, kuna manufaa zaidi. Huo ni ushauri kwa watu wazima wa afya. Mama alikuwa mgonjwa, na alikuwa akifikia ukomo wa mtu mzima wa afya kwa chai peke yake, kabla hajagusa andazi, wala juisi ya ukwaju, wala tende.

Wifi alikuwa mnyonge. Yeye ndiye aliyeshika mwiko, na alihisi lawama inamwendea ingawa hakuna aliyemlaumu. Akasema neno ambalo ndilo kiini cha jambo lote hili: "Sasa wifi, nipike chai mbili ndani ya nyumba moja? Mama ataona namtenga."

Wasioishi katika nyumba za watu wengi wataliona jambo dogo. Kwetu sufuria ya peke yako ina maana nzito. Anayepikiwa peke yake ni mgonjwa wa kufa, au mtu aliyekosana na wenzake, au mzee anayesubiriwa aondoke. Mama alishapata kusikia mashoga zake wakisema "chakula cha wagonjwa", na hakutaka kusikia tena. Angeona chupa yake ndogo imewekwa pembeni, angekunywa ile kubwa kwa makusudi, na nadhani hata mimi ningefanya hivyo.

Kwa hiyo hatukumpikia chai yake. Tulibadilisha ya wote. Sufuria ikapikwa bila sukari, ikaja mkekani tupu, na sukari ikaja nyuma yake kwenye kopo lenye mfuniko na kijiko kidogo. Anayetaka atie. Watoto wakafanya mgomo siku mbili. Kaka akanuna, akasema sasa nyumba imekuwa hoteli, kila mtu na kijiko chake. Lakini mtu akijitilia mwenyewe huona anachotia, na aliyekuwa akinywa vijiko vitatu bila kujua akatosheka na viwili kwa kujua. Robo ya sukari iliyokuwa haivuki siku ikawa inavuka siku ya tatu. Mama akawa mtu kama wengine pale mkekani, tofauti yake ni kwamba kopo lilimpita.

Halikumpita mara moja. Kikombe cha kwanza kisicho na sukari alikitazama, akakionja, akauliza, "Hii chai au maji ya kuoshea masufuria?" Tukakubaliana: kijiko kimoja kwa kila kikombe, baadaye nusu, baadaye ncha ya kijiko. Ulimi hujifunza. Baada ya miezi kadhaa alipewa chai kwenye harusi moja kule Pongwe, akapiga funda moja akakiweka kikombe chini. Inakata koo, alisema, na hakuwa akijifanya.

Kulikuwa na siri ya jikoni iliyosaidia kuliko maneno yote, na wifi ndiye aliyeigundua. Majani mengi yanayouzwa madukani kwetu ni yale ya unga unga, yanayotoa rangi upesi. Ukiyaacha yatokote muda mrefu hutoa ukakasi mwingi, na ukakasi ndio unaoita sukari. Watu hudhani wanatia sukari kwa sababu wanapenda utamu, kumbe nusu yake wanaitia kuufunika uchungu walioupika wenyewe. Wifi akaanza kuchemsha viungo kwanza, tangawizi, iliki na kijiti cha mdalasini, kisha anaepua sufuria, anatia majani, anafunika kwa dakika tatu au nne, anachuja. Chai ikatoka laini, yenye harufu, na mtu akaweza kuimeza kavu bila kukunja uso. Ajabu ni kwamba majani hayo yanalimwa juu yetu hapo hapo, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Tumeishi chini ya mashamba hayo miaka yote, na bado tulikuwa hatujui kuipika.

Chai yenyewe, majani na maji, haina sukari wala kalori za kuhesabika. Hilo mama hakuliamini mpaka alipoliona kwa macho yake. Tulikuwa tumenunua mashine ndogo ya kupimia nyumbani, ile ya kutoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti. Vijiti ni ghali, hatukupima ovyo. Asubuhi moja akapima kabla ya kula, ikasoma saba na nukta. Akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, vikombe viwili, hakula kitu. Saa mbili baadaye ilikuwa pale pale. Asubuhi nyingine akanywa chai ile ile pamoja na vitumbua vitatu vya jirani yetu. Ikavuka kumi na tatu.

Kimya kikatanda. Mama akasema, "Kumbe mchawi ni kitumbua."

Kitumbua ni unga wa mchele, sukari, tui na mafuta ya kukaangia. Andazi ni ngano, sukari na mafuta. Chapati nayo haitofautiani sana. Tunaposema tumekunywa chai hatuna maana ya kikombe tu, tuna maana ya sahani iliyo pembeni yake, na sahani hiyo ndiyo inayopandisha sukari hata kwa mtu aliyeacha kutia sukari kwenye chai. Nimewaona wengi wanaojivunia chai ya rangi isiyo na sukari huku mkono wa pili una andazi la nne. Hata mhogo wa kuchemsha na kiazi kitamu, tunavyovisifu kwamba ni vya asili, ni wanga, na vinahesabiwa.

Tanga tuna bahati ya mbaazi. Mbaazi za nazi na maandazi ndicho kifungua kinywa cha mji wetu, na mbaazi, kwa kuwa zina protini na nyuzinyuzi, hazipandishi sukari kwa kishindo. Tulichofanya ni kugeuza kipimo. Zamani maandazi manne yalisindikizwa na kijiko cha mbaazi; mama akawa anakula bakuli la mbaazi, tui jepesi, na andazi moja la kuchovyea. Wakati mwingine yai la kuchemsha na kachumbari. Hakuwahi kulalamika njaa, na hilo ni muhimu, maana mgonjwa mwenye njaa hudokoa.

Maziwa yana sukari yake ya asili. Bilauri ya mililita 250 ina gramu kama 12. Kwa hiyo chai ya maziwa matupu si sawa na chai ya rangi hata kama hakuna aliyeitia kitu. Ihesabu kama chakula, usiihesabu kama maji. Maziwa mazito ya kopo, yale matamu, karibu nusu yake ni sukari, na mtu mwenye kisukari hana kazi nayo kwenye chai.

Halafu asali. Hakuna kitu kilichotupotezea muda kama asali. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali mama alikuja na chupa, ya Tabora, ya Handeni, ya msituni kabisa, na maelezo kwamba hii ni dawa, haina madhara, nyuki hakosei. Tukazipanga chupa kabatini zikajaa. Ukweli ni huu: asali ni nzito, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko hicho hicho cha sukari ya dukani. Sukari guru ni sukari. Sukari ya kahawia ni sukari, imebaki na rangi tu. Kongosho haliulizi rangi. Vile vidonge vidogo vya utamu visivyo na sukari ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 wa kutovitegemea kwa ajili ya kupunguza uzito, lakini likasema wazi kwamba mwongozo huo hauwahusu wanaoishi tayari na kisukari. Mama alivijaribu, akavitupa, akasema vina ladha ya sarafu.

Ndani ya nyumba tukashinda. Nje ya nyumba ndiko kulikokuwa na vita. Msibani chai hupikwa kwenye masufuria ya shughuli, sukari inamwagwa kwa kilo, na kikombe unaletewa mkononi na mtu aliyeinama mbele yako kwa heshima. Utakikataaje? Mama alijaribu kubeba chupa yake ndogo ndani ya kikapu, na siku ya kwanza tu akasikia minong'ono kwamba anaogopa kurogwa. Ikabidi atumie ulimi wake. Akawa anasema kwa sauti, kabla hajaulizwa: "Wanangu, mimi nina sukari ya kutosha mwilini, nipeni maji ya moto." Watu walicheka, wakamletea. Sikujua mpaka baadaye kwamba wanawake watatu wa mtaa ule ule walimfuata pembeni kwa nyakati tofauti, wakamnong'oneza kwamba nao wanayo, na wamekuwa wakinywa chai ya msibani kwa aibu. Mficha maradhi kilio humfichua, na mwenye kisukari hujificha zaidi mahali penye chakula.

Kuna siku sukari ndiyo iliyookoa, na nusura tuikose. Miaka ilivyokwenda vidonge pekee havikutosha, mama akaanzishiwa insulini. Asubuhi hiyo alijichoma kama kawaida, kabla hajala ukaja mwito kwamba kuna msiba nyumba ya tatu. Akajitanda kanga akaenda. Tulipomfuata saa mbili baadaye alikuwa ameketi uani, jasho linamchuruzika na hali kuna upepo, mikono inatetemeka, na mimi akaniita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa zamani. Nikadai sukari. Mama mmoja, mwema kabisa, akanishika mkono. "Usimpe sukari, unataka kumuua? Huyu si ana kisukari?"

Sukari ilikuwa imeshuka. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo kile kile cha milimoli, mwenye kutumia insulini au baadhi ya vidonge yumo hatarini, na anachohitaji wakati huo ni sukari hiyo hiyo anayokatazwa siku zote. Mtoto wa kaka, wakati huo yuko sekondari, alikuwa amekaa kliniki na bibi yake akasikiliza kuliko sisi watu wazima. Hakubishana na mtu. Alichukua kikombe cha maji baridi, akatia vijiko vinne, akakoroga, akampa. Baada ya robo saa bibi akauliza kanga yake ya pili iko wapi, na kwa nini watu wote wanamtazama yeye badala ya wafiwa.

Kipimo ni gramu 15 hivi, vijiko vitatu mpaka vinne vya chai, halafu mnasubiri dakika 15, mnapima, na kama bado iko chini mnampa tena. Akishazinduka ale kitu cha kushikilia. Chai ya maziwa inayofuka mvuke haifai kwa kazi hii, ingawa ndiyo iliyokuwa karibu: mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kuingia damuni, na chai ya moto hunywewa kwa mafunda madogo wakati mtu hana muda wa mafunda madogo. Chai ya rangi iliyopoa, yenye sukari nyingi, inafaa. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu chochote mdomoni. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Na kwa Waislamu wenzangu wanaotumia insulini, nendeni kwa daktari kabla ya Ramadhani, si ndani ya Ramadhani. Mwongozo wa wataalamu ni kwamba funga ikatizwe ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepanda juu ya 16.6.

Sasa nije kwenye mitishamba, na hapa nina hasira kidogo. Stendi ya mabasi haikosi gari lenye vipaza sauti linalouza "chai ya kisukari", ambayo kwa maelezo ya muuzaji inatibu pia presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, aliinunua akaacha vidonge. Alisema anajisikia mwepesi. Alikuwa kweli anajisikia mwepesi, kwa sababu alikuwa anapungua kwa sukari iliyopanda. Alirudi hospitali na kidonda cha mguu, akatoka amekatwa vidole viwili.

Sina ugomvi na tangawizi, mdalasini wala mchaichai. Vijiji vya Amani na Muheza vinalima viungo hivi na nyumba yangu haikosi. Mdalasini umefanyiwa tafiti nyingi kuhusu sukari ya damu, majibu yanapishana, na ile aina nene ya kasia, ikitumika kwa wingi kila siku, ina kemikali ya kumarini inayoweza kulidhuru ini. Wanaosema hospitali inachukia miti ya porini hawajui metformini, kidonge cha kisukari, imetoka wapi. Asili yake inafuatiliwa hadi kwenye mmea wa galega, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Wakemia wakatafuta kiini chake, wakakirekebisha, na daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa mwaka 1957. Marekani haikuiruhusu mpaka miaka ya tisini. Hiyo ndiyo tofauti ya kidonge na chupa ya stendi: kidonge kimehojiwa miongo kadhaa, na kipimo chake kimeandikwa kwenye pakiti.

Tukiachana na stendi kuna simu. Mwaka 2022 kundi letu la ukoo la WhatsApp lilipokea habari kwamba chai inaponya kisukari. Nikaitafuta habari yenyewe. Watafiti kutoka China walikuwa wamewasilisha mjini Stockholm, kwenye mkutano wa wataalamu wa kisukari wa Ulaya, uchambuzi wa tafiti 19 zilizohusu watu zaidi ya milioni moja katika nchi nane za Ulaya, Amerika na Asia. Waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walionekana kuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 17 wa kupata kisukari cha aina ya pili katika kipindi cha miaka kumi. Ni habari njema, isomwe vizuri lakini. Ilihusu watu ambao hawajaugua, haikuhusu kuponya. Ilionyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, haikuthibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine. Watafiti hao hao walipochunguza kundi jingine la Wachina 5,199 peke yake hawakuona tofauti kati ya wanywaji na wasiokunywa. Na Mchina wa kawaida hunywa chai yake bila sukari wala andazi. Hakuna mtu aliyeingiza sufuria ya Ngamiani kwenye uchambuzi ule.

Mengine mafupi. Chai kali pamoja na mlo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu aiache saa nzima ipite. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na ganzi ya miguu si kila mara ya kisukari; ombeni mpimwe. Kafeini ya usiku huiba usingizi. Na chai isinywewe ikiunguza: mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na saratani ya koo la chakula iko nyingi ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki.

Mama aliishi na kisukari muda mrefu, macho yake yakiona na miguu yake ikiwa miwili, na chai hakuiacha hata siku moja. Mimi sasa nimefikia umri aliokuwa nao alipogundulika na ugonjwa, na kwa kuwa mtoto wa mwenye kisukari yuko karibu nao kuliko wengine, napima kila mwaka.

Ombi langu ni kwa wanaopika, maana wagonjwa wameshaambiwa ya kutosha. Wewe unayetangulia kuamka ukawasha jiko, pika chai ya wote bila sukari, ilete, na sukari ije kwenye kopo lake. Usimpikie mgonjwa peke yake. Shughulini tenga chupa moja isiyotiwa kitu na uitangaze, asilazimike mtu kunong'ona. Na kama nyumbani kuna anayechoma insulini, kopo hilo la sukari likae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, hata mtoto, na kila mtu ajue ni vijiko vinne kwenye maji baridi.